Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2021: Bastola Tatu Tulizotumwa, Moja Tuliyorudi Nayo

Ndugu wanachama,

Nianze na la aibu. Mkutano mkuu uliopita uliipa kamati kazi moja iliyoonekana nyepesi: tununue bastola tatu ndogo za milimita 9, za toleo jipya, ziwe mali ya chama kwa ajili ya darasa la wanaoanza kulenga shabaha. Fedha zilikuwepo, Mama Mweka Hazina alishazitenga. Leo ni Januari 2022 na tunayo moja. Tumeipata Oktoba.

Mkutano wenyewe mnakumbuka ulivyochelewa. Februari barafu ilitufungia ndani, nyuzi 19 chini ya sifuri hapa Dallas, umeme umekatika, watu tunayeyusha theluji kwenye sufuria ili tupate maji ya chooni. Tukaja kukutana Machi, kila mtu kwenye simu yake, na nusu ya muda ikaishia kwenye "Mwenyekiti, hatukusikii." Mwezi huohuo Smith & Wesson wakatoa bastola yao mpya, Shield Plus. Mjumbe mmoja akaisifia, mwingine akaitetea Max-9 ya Ruger iliyotoka sambamba nayo, tukapiga kura, Shield Plus ikashinda. Tulipigia kura kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekishika mkononi.

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi: kwani maduka yamehama? Hayajahama. Kati ya Aprili na Mei nilizunguka maduka 11, kuanzia Fort Worth hadi Garland. Makabati ya vioo, ambayo zamani bastola zilikuwa zinalaliana humo, yalibaki na vibao vya bei na alama za vumbi pale zilipokuwa zimekaa. Duka moja walikuwa wametandaza mikoba ya kuvalia kiunoni ili kabati lisionekane uchi. Mikoba ya Shield Plus ilikuwepo tele, ya mkono wa kulia na wa kushoto. Shield Plus yenyewe, muuzaji alicheka.

Chanzo ni wingi wa wanunuzi. Mwaka 2020 FBI walifanya uhakiki wa wanunuzi wa silaha karibu milioni 39.7, na Machi 2021 pekee milioni 4.7, mwezi uliovunja rekodi tangu mfumo huo uanze mwaka 1998. Si kila uhakiki ni bunduki iliyouzwa, maana vibali navyo huhesabiwa humo, lakini picha mnaiona. NSSF, chama cha wafanyabiashara wa silaha, kilikadiria kuwa watu milioni 8.4 walinunua silaha kwa mara ya kwanza maishani mwaka 2020. Na mtu wa mara ya kwanza hanunui bunduki ya kuwindia kulungu. Anataka kitu kidogo cha kujilinda, cha milimita 9, kinachokaa mfukoni bila kuvuta suruali. Yaani kilekile tulichokitaka sisi.

Wale waliojiunga karibuni hawajui kwa nini bastola hizi zina kishindo hivi. Zamani ukitaka ndogo ulikubali risasi 6, 7 au 8. Januari 2018 SIG Sauer wakaleta P365, ndogo kama zile lakini inameza risasi 10 kwenye magazini (kisanduku cha risasi) isiyotokeza nje ya mpini. Viwanda vingine vikakurupuka. Springfield wakatoa Hellcat mwaka 2019, kisha mwaka jana ndiyo ikaja mvua yote kwa pamoja: Shield Plus na Max-9 mwezi Machi, GX4 ya Taurus mwezi Mei. Mvua imenyesha baharini, shamba halijalowa. Kiwanda kinachouza kila kitu kinachotoka mashineni hakina haraka ya kusimamisha mashine ya modeli ya zamani ili kifungue nafasi ya mpya. Kinatangaza, kinatengeneza mafungu ya kwanza, baadhi yanakwenda kwa waandishi na wapiga video wa kupima bastola, yanayobaki yanagawiwa kwa wauzaji wa jumla. Muuzaji wa jumla naye anagawa kwa mgao. Duka kubwa linalonunua mizigo mingi kila mwezi linapata boksi kadhaa, duka dogo linapata mbili au halipati. Mwenye duka mmoja alinionyesha ankara yake: ili apewe Shield Plus mbili alilazimika kuchukua na bastola nyingine tano ambazo hakuna anayeziulizia. Zile mbili, aliniambia bila haya, moja alichukua mfanyakazi wake na nyingine shemeji yake.

Sisi tuliokulia Tanzania ya miaka ya themanini hatukuhitaji kufundishwa. Tuliijua foleni ya duka la kaya, tuliujua mlango wa nyuma, na mlanguzi tulimjua kwa jina na kwa sura. Bei iliyopangwa na kiwanda kwa Shield Plus ilikuwa dola 553. Mwezi Juni nilimkuta jamaa kwenye maegesho ya maonyesho ya silaha anaitaka dola 800, bado iko kwenye boksi lake. Nilimwambia kwetu mwaka 1983 angekuwa anamkwepa Waziri Mkuu Sokoine na msako wake wa walanguzi. Hakuelewa.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawa, kwa sababu najua limezungumzwa sana pembeni na leo nataka lizungumzwe hapa.

Jumamosi moja ya Juni nilikuwa kwenye duka moja dogo kusini mwa Arlington. Nilikwenda kununua mafuta ya kusafishia tu. Mzigo ulikuwa umeingia asubuhi hiyo na kwenye kabati ilikuwepo Shield Plus moja, moja tu, na muuzaji alikuwa bado hajaibandika bei. Siku hiyo sikuwa na hundi ya chama wala barua ya kamati. Nikampigia Katibu. Katibu akaandika kwenye kundi la WhatsApp, na hapo ndipo moto ulipowaka. Kabla sijakata simu, mwanachama mmoja, ndugu yetu mpendwa, akanitumia dola 600 kwenye simu na ujumbe: "Mwenyekiti nichukulie hiyo, nitakuja kuifuata jioni."

Nilirudisha pesa palepale. Nikamwambia aje mwenyewe, ingawa yuko mbali, McKinney, na mimi nitajitahidi kumwomba muuzaji aishikilie. Muuzaji alikataa, kwa adabu, akaniambia leo haweki kitu pembeni kwa mtu. Nilisimama pale kama mlinzi wa benki kwa dakika 25. Akaingia mama mmoja na binti yake, akaielekezea kidole, akajaza fomu, akatoa kibali chake cha Texas cha kubeba bastola, akalipa, akatoka nayo. Ndugu yetu alifika baada ya nusu saa nyingine, jasho linamtoka, na maneno aliyoniambia kwenye maegesho nimeyasamehe.

Aliuliza na wengi mmeuliza: kama mtu ana makaratasi yake safi, ana green card, ana kibali, kuna ubaya gani mwenzake akimchukulia? Ubaya uko kwenye fomu namba 4473, ile ya serikali kuu anayoijaza mnunuzi dukani, swali la 21.a. Linauliza kama wewe unayejaza ndiye mnunuzi halisi wa silaha hiyo. Ukijibu ndiyo huku umeshika pesa ya mwenzako, umesema uongo kwa serikali kuu, na adhabu yake inafika miaka 10 jela na faini ya dola 250,000. Wala haijalishi kwamba huyo mwenzako anaruhusiwa kununua. Kuna kesi ya Abramski, aliyekuwa polisi huko Virginia. Mjomba wake wa Pennsylvania (Kiingereza hakibagui mjomba na ami) alitaka bastola ya Glock 19, kijana akaona atainunua kwa punguzo la polisi, mzee akatuma hundi ya dola 400. Wote wawili walikuwa watu safi, na mjomba alihakikiwa tena na muuzaji wa kwao kabla ya kukabidhiwa. Abramski alitiwa hatiani, akakata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2014 akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Wengine mlishauri niseme ni zawadi. Zawadi inaruhusiwa, kweli, lakini zawadi hailipwi. Kwa sisi ambao uraia wetu bado uko njiani, jambo kama hilo haliishii jela tu, linatufuata hadi uhamiaji.

Likaja swali la pili, na hili lilinikaa zaidi: "Mbona chama ulikuja kukinunulia, mimi ukanikatalia?" Ni swali la haki. Fomu hiyohiyo inaruhusu chama au kampuni kununua kupitia ofisa wake, ambaye anaambatanisha tamko la kiapo kwamba silaha ni ya chama na itabaki mali ya chama. Hivyo ndivyo tulivyofanya Oktoba, kwa barua iliyosainiwa na Katibu na Mweka Hazina, na nakala iko kwenye faili. Ndiyo maana pia bastola ile haiwezi "kuazimwa" kwa wiki mbili halafu ikasahaulika kwa mtu, kama baadhi yenu mlivyopendekeza kwa utani ambao sikuuona kuwa utani.

Kosa langu ni jingine. Kuanzia siku ya kura ningetembea na ile barua na hundi mfukoni. Kama ningekuwa nazo Juni, chama kingeipata ile ya Arlington kabla ya yule mama hajaegesha gari. Nililiona baadaye, nikalikubali mbele ya kamati, na ninalikubali hapa.

Oktoba tuliipata kwa njia ya kizamani kabisa: Katibu alikuwa anapita duka moja kila Alhamisi akitoka kazini, kwa sababu alishagundua lori la mzigo linakuja Alhamisi. Wiki ya kumi na tatu, ikawepo. Dola 549 na kodi. Tulikuwa pia tumeweka arbuni kwenye maduka mawili. Moja limeturudishia, la pili bado linatuambia "wiki ijayo". Mama Mweka Hazina analifuatilia na mimi namhurumia mwenye duka hilo.

Mzee wetu aliyekuwa anasubiri bastola ya Colt Python, ile iliyorudi sokoni Januari 2020 kwa dola 1,499, bado anasubiri. Anasema amesubiri kibali cha kiwanja Kigamboni miaka tisa, hana presha.

Risasi zilituumiza kuliko bastola. Kabla ya korona boksi la 50 la milimita 9 tulikuwa tunalinunua kwa takriban dola 10. Mwanzoni mwa 2021 tulilipa hadi dola 40, tena boksi moja kwa kila mteja. Wanaojitengenezea risasi nyumbani nao walikwama kwenye praima, kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti, ambacho hapa nchini viwanda vilivyokuwa vinakitengeneza kwa wingi vilikuwa vinne tu, na vyote vilikuwa vinajishibisha vyenyewe kwanza. Tulipunguza siku ya mazoezi kutoka risasi 100 kwa mtu hadi 30. Jambo ambalo sikulitarajia: shabaha zimeboreka. Mtu mwenye risasi 30 anavuta pumzi kabla ya kila moja.

Mambo mengine kwa kifupi. Tumetoka wanachama 41 hadi 58. Hesabu zimekaguliwa na zitasomwa baada yangu. Tangu Septemba 1 Texas inawaruhusu watu wengi wa miaka 21 na zaidi kubeba bastola bila kibali, lakini kamati inawashauri mbaki na vibali vyenu. Mkiwa navyo hamsubiri uhakiki wa simu dukani, na siku ambayo mzigo umeingia dakika hizo ni mali. Tuliwarudisha wageni wawili kutoka uwanjani kwa sababu wako hapa kwa viza ya masomo; mwenye viza ya namna hiyo haruhusiwi hata kuishika bunduki ya kukodi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Waliondoka wamenuna. Afadhali wanune.

Pendekezo la kamati mtakalolipigia kura ni hili: tuache kuzikimbiza mbili zilizobaki. Kule Las Vegas, kwenye maonyesho ya silaha, mwezi huu yametangazwa matoleo mengine mapya, na nimeshapokea picha zake kutoka kwa wanachama sita. Kamati inaomba fedha hizo zinunue Shield mbili za zamani, zile za mwaka 2012, za mkono wa pili. Zinabeba risasi 7 na 8, hazina sifa yoyote, na Katibu amezikuta dukani juzi zimekaa wiki tatu hakuna anayeziuliza. Kitakachobaki kiende kwenye risasi. Darasa lina wanafunzi 14 na bastola moja, na anayejifunza kushika mpini hajali imetoka mwaka gani.

Hiyo moja iko kwenye meza ya Mama Mweka Hazina kwa wanaotaka kuiona. Iko wazi, magazini imetolewa, chemba tupu. Anayeishika aikague mwenyewe hata hivyo.

Mwenyekiti