Kaka, nilimwambia umesema pole

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa rambirambi niliupata. "Pole sana kwa msiba." Niliusoma nikiwa jikoni kwa marehemu, nikacheka peke yangu, watu wakadhani majonzi yamenichanganya.

Siku ya harusi hujaisahau. Mbuzi ulimsimamia mwenyewe, na mpaka leo wakwe zangu wanamtaja, hilo silifuti. Halafu bibi yake mkwe wangu akavuta kiti akakaa kati yetu, akaanza kutusimulia mabasi ya mji wa Montgomery, Alabama, enzi weusi wa Marekani walipokuwa wanabaguliwa. Alikuwa na miaka 17. Nauli senti 10: unalipa mbele kwa dereva, unashuka, unazunguka kuingia mlango wa nyuma, maana usipite katikati ya wazungu. Dereva akijisikia, anaondoa basi hujaufikia mlango. Yeye yalimkuta mvua inanyesha, kabeba mashuka ya tajiri wa mama yake, yametoka kupigwa pasi. Akatuonyesha alivyoyakumbatia, mikono yote miwili kifuani, kama kabeba mtoto. Ulipoanza mgomo wa weusi kuyasusia mabasi hayo, Desemba 1955, akatembea siku zote 381.

Ukafuta mdomo, ukaniambia kwa Kiswahili: "Kutembea hata sisi tulitembea, mbona hatukuililia serikali? Hawa wanapenda kudeka."

Bibi akanigeukia. Kaka yako anasemaje?

Nikamwambia anasema pole. Akataka kujua ni neno gani hilo. Nikamweleza kwamba kwetu unampa mtu aliyeumia, hata kama si wewe uliyemuumiza. Akakushika mkono, akaung'ang'ania. Na Kiingereza unakijua kaka, ulisikia kila kitu. Ukapokea shukrani.

Sisi tulitembea kwa sababu shule ilikuwa mbali na basi hakuna. Wao basi lilikuwa linapita. Tena robo tatu ya abiria walikuwa wao, nauli zao ndizo zilizolilisha lile shirika. Na hiyo serikali unayosema waliililia: Machi 1965 watu walioandamana kudai haki ya kupiga kura walipigwa virungu kwenye daraja la Selma, hukohuko Alabama, Agosti 6 Rais Johnson akatia saini sheria ya kupiga kura, na Oktoba 3, mwaka huohuo, akatia saini ile ya uhamiaji. Kabla yake nchi nyingi za Afrika zilitengewa nafasi 100 kila moja za kuhamia hapa kwa mwaka. Mia moja, kaka. Makaratasi yako na yangu yametokea mlango gani?

Utasema kwa nini sikukujibu palepale. Ningekujibuje? Ni wewe uliyeuza baiskeli nikalipiwa ada ya kidato cha tano. Nikuumbue mbele ya wakwe, siku ya mwanangu? Mtu mwenye adabu hufunika kwanza, husema baadaye. Baadaye nilikupigia, ukaleta habari za kiwanja. Haya, kiwanja tukiache.

Wala sijifanyi malaika. Miaka yangu ya kwanza hapa, mlinzi wa duka akianza kuninyemelea kati ya rafu, nilikuwa natoa simu naiweka sikioni, hakuna mtu upande wa pili, naongea Kiswahili kwa sauti. Ajue mimi si wa hapa. Ajue mimi si *wao*. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na bado nilifuatwa. (Wasomaji mniwie radhi, haya nilikuwa sijamwambia hata mume wangu.)

Bibi neno lile alilishika. Jirani akiumwa, pole. Hata muuguzi aliyekosea mshipa mara mbili alimwambia pole, yeye mwenye kuchomwa. Na kila nikienda kumwona swali la kwanza ni moja: yule kaka wa pole hajambo?

Jumamosi tunamuaga. Mkwe wangu ameomba useme machache kwa simu kanisani, kwa vile bibi alikuwa hakomi kukutaja. Nikamjibu nitakuuliza. Leo ni siku ya tatu.