Boti za jodari za Maputo na saini yangu ya Kojani

Mhariri,

Assalamu alaikum. Mimi ni mvuvi wa Kojani, Pemba, na ni mshika fedha wa kikundi chetu cha watu kumi na wanne. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie boti za jodari za Msumbiji, zilizonunuliwa kwa mikopo iliyofichwa wananchi. Nikikaa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, nawasikia vijana wakilitaja jambo lile kama la watu wa mbali, nami kwangu si mbali hata kidogo.

Sisi wa Kojani dago, yaani kuhama na kupiga kambi kufuata samaki, ndiyo maisha yetu. Tanga, Mafia, Mtwara, kote tumelala. Mwaka 1996, nikiwa kijana wa jarife, nyavu za papa, tulishuka mpaka Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, tukakaa na Wamwani, wenyeji wa pwani ile, karibu miezi miwili. Ukiwasikia wakisema Kimwani utadhani ni jirani yako aliyehama zamani. Vyombo vyao vilikuwa kama vyetu, barafu hawakuwa nayo, samaki wasiouzika siku ile wanapigwa chumvi na kuanikwa. Ndio hao ambao baadaye serikali yao ilikuja kukopa kwa jina lao, na wao hawana habari.

Mikopo ile ilitiwa saini mwaka 2013 na 2014. Kampuni tatu za serikali zilichukua takribani dola bilioni 2 kutoka mabenki ya nje, moja ya kampuni hizo kwa kisingizio cha kununua meli za kuvua jodari. Serikali ikaweka dhamana bila ya Bunge lao kuulizwa. Meli zaidi ya 20 zilifika Maputo, nyingi zikakaa gatini zinashika kutu. Mvuvi anajua maana yake: chombo kisichokwenda baharini kinakula pesa kila siku iendayo kwa Mungu. Mwaka 2016 ilipobainika kuwa sehemu kubwa ya deni ilikuwa imefichwa, wafadhili walisitisha misaada, fedha yao ikaporomoka, na bei ya mkate ikampata hata yule mwanika samaki ambaye jodari wa mkopo ule hajamwona.

Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alikamatwa Johannesburg Disemba 2018, na Agosti 2024 mahakama ya New York ikamtia hatiani. Kwao Maputo, mtoto wa rais mstaafu Guebuza alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2022. Nashukuru kwamba walifikishwa mbele ya hakimu, maana katika nchi nyingi za Afrika hata hapo hapafikiwi. Lakini Baraza la Katiba la Msumbiji lilibatilisha dhamana ya mkopo wa jodari mwaka 2019, miaka sita baada ya saini. Miaka sita! Wakati huo pesa zilikwisha zamani.

Sasa nieleze langu, maana haki haianzi kwa jirani. Miaka ya nyuma kikundi chetu kiliingizwa katika mpango wa boti za faiba za mkopo. Sitautaja mpango wenyewe wala waliokuja nao. Karatasi ilisema mashine ya nguvu za farasi 40. Iliyoshushwa dikoni ilikuwa ya 15. Nilipouliza niliambiwa, "Tia saini kwanza mzee, nyengine itafuata, msije mkakosa hata hii." Jua lilikuwa kali, watu wamesimama, wapiga picha wanangoja. Nikatia saini kuwa nimepokea farasi 40.

Nyengine haikufuata. Mashine ya 15 kwa boti ile, kusi likichafuka, haikufikishi panapo nguru. Unazunguka karibu na mwamba na kurudi na changu wa kitoweo. Na deni tukalilipa la 40.

Ijumaa moja baada ya sala ya laasiri wenzangu walinikalisha mchangani. Wakanitaka daftari, nikalifungua. Waliniuliza mmoja mmoja, na mdogo kuliko wote, ambaye nimemfundisha mimi kufuma nyavu, ndiye aliyeniuliza kwa ukali zaidi. Nilikiri. Waliniondoa kwenye fedha mwaka mzima, na walikuwa na haki. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Kinachoniuma ni kuwa aliyenipa kalamu hakukalishwa na mtu. Nilikwenda ofisi tatu, kila moja ikinielekeza kwenye nyengine, na nauli ya kuvuka na ya daladala ikitoka mfukoni mwangu. Zanzibar hatuna uchache wa sheria. ZAECA, mamlaka yetu ya kupambana na rushwa, ipo tangu 2012, sheria ya maadili ya viongozi ni ya 2015, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hufikishwa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani. Yote hayo nayaheshimu. Lakini yote hukagua baada ya pesa kwisha kutoka, na sisi wa dikoni huwa wa mwisho kujua tulisainiwa nini.

Ombi langu kwa wahusika wa uchumi wa buluu, na kwa wawakilishi wetu, ni moja. Kila boti, mashine, jokofu au banda linalokuja kwa jina la wavuvi, karatasi yake ibandikwe dikoni siku saba kabla ya mtu kutia saini: bei yake, aina yake, nani kauza, nani analipa deni na kwa miaka mingapi. Na kama ni mkopo wa nchi nzima, Baraza liuone kabla, si baada.

Ukuta wa banda letu la mnada una nafasi. Karatasi ikija nitaibandika kwa mkono wangu, na wazee wasiojua kusoma nitawasomea, mstari kwa mstari, mpaka waseme wamefahamu.

Mvuvi, Kojani, Pemba