Wauguzi wafunzwe kando ya kitanda, si hotelini

Mhariri,

Nimestaafu uuguzi, na miaka mingi ya kazi yangu niliifanya katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Mombasa. Linalonikera ni vijana wanaotolewa wadi za kawaida, wakapewa semina ya siku moja hotelini, kisha wakaachiwa zamu ya usiku na mgonjwa anayepumuliwa na mashine.

Mgonjwa huyo ana mrija uliopitishwa kooni hadi kwenye bomba la pumzi. Hasemi, na hana nguvu ya kukohoa makohozi yakatoka. Yakiuziba mrija, daktari huenda yuko ghorofa nyingine. Wa kumwokoa ni muuguzi aliye pale.

Kunyonya makohozi kuna taratibu zake. Mgonjwa hupewa kwanza oksijeni kamili, mpira wa kunyonyea usizidi nusu ya upana wa ndani wa mrija, na kazi iishe ndani ya sekunde 15. Tena hufanywa dalili zikionekana: kifua kikikoroma, oksijeni ikishuka, au mashine ikisukuma kwa shida. Bado nakutana na vijana wanaonyonya kila saa mbili kwa sababu ratiba imesema, na kumimina maji ya chumvi mrijani kila mara, eti yalainishe. Siwalaumu, ndivyo walivyoona wakubwa wao wakifanya.

Na lile puto linalouzunguka mrija ndani ya bomba la pumzi, likiziba nafasi ya kando? Wengi hubonyeza kwa vidole kiputo chake cha nje wakasema limejaa sawa. Vidole havipimi! Shinikizo lake liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likipungua, mate huvuja hadi mapafuni yakaleta nimonia; likizidi, hujeruhi bomba la pumzi. Kipimo chake ni kifaa kidogo cha mkononi, nacho hakikosi kukosekana.

Naiomba idara ya afya ya kaunti, na wenye hospitali za binafsi pia, wamteue muuguzi mzoefu katika kila chumba chenye mashine hizi, asiyehesabiwa katika zamu, kazi yake iwe kufundisha tu. Amtazame kila mgeni akinyonya kwa mikono yake, kwanza kwenye mwanasesere wa mafunzo, kisha kwa mgonjwa, na asimruhusu kushika zamu ya usiku peke yake mpaka aridhike. Na kipimo cha puto kinunuliwe kabla ya semina nyingine kuandaliwa.

Muuguzi mstaafu,
Kisauni, Mombasa