Usisubiri Mpaka Ujifungue

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nakujibu papo hapo kwa sababu ya yale maneno ya mwisho uliyoyapitia juu juu: kwamba ukipiga mswaki unatema damu, na umeambiwa usubiri mpaka ujifungue kwa kuwa una presha. Usisubiri. Kazi yangu ni hii ya meno, na huwa naumia sana mjamzito anaporudishwa nyumbani na fizi zimemvimba.

Homoni za mimba huzifanya fizi ziwe nyepesi kuvimba pale palipo na utando wa bakteria. Kwako kuna na jingine: hiyo nifedipini unayomeza. Inasaidia presha, lakini kwa baadhi ya watu hunenepesha fizi. Simama mbele ya kioo, vuta mdomo wa chini. Ukiona vinyama vimejaa kati ya jino na jino, mwambie daktari wako wa presha, maana dawa nyingine zipo, kama methildopa na labetaloli. Usiache dawa mwenyewe, hata siku moja. Na ile aspirini ndogo uliyopewa, usiikatishe kwa kuogopa damu ya fizi. Anayekukwangua ukoga ajue tu kwamba unaimeza.

Kukwangua huko, hata chini ya fizi, ni salama kwa mjamzito. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2006 ulifuatilia wajawazito zaidi ya 800; wengine walikwanguliwa kabla ya wiki ya 21, wengine baada ya kujifungua. Waliotibiwa mapema fizi zao zilipata nafuu, na matibabu hayakuwadhuru. Ila sitakudanganya: kuzaa kabla ya wakati hakukupungua. Na ingawa wenye ugonjwa wa fizi huonekana kupatwa zaidi na presha ile inayoelekea kifafa cha mimba, haijathibitika kwamba kutibu fizi huizuia. Kwa hiyo nenda kwa ajili ya meno yako na usingizi wako, kliniki ya presha uendelee nayo vilevile.

Siku ya kwenda, beba kadi yako ya kliniki. Waombe wakupime presha kabla hujaketi. Namba ya juu ikifika 160, au ya chini ikifika 110, hapo meno yanaahirishwa na unakwenda hospitali moja kwa moja. Kwa kuwa tumbo limeshakua, usilale chali kabisa: wakuwekee mto chini ya nyonga ya kulia, uinamie kushoto, la sivyo mimba hubana mshipa mkubwa wa damu na utasikia kizunguzungu. Ganzi ya lidokaini haina shida, ila wajue una presha, maana mara nyingi huchanganywa na adrenalini, ambayo huweza kupandisha presha, na lazima wapime kiasi. Kwa maumivu, parasetamoli, ibuprofeni ikatae. Wakikuandikia tetrasaikilini au doksisaikilini, kataa pia, dawa za jamii hiyo huweza kutia rangi meno ya mtoto.

Kichwa kikikugonga bila kutulia, ukiona nyota machoni, au ukiumwa chini ya mbavu upande wa kulia, usiseme ni jino. Kimbia hospitali, hata iwe usiku wa manane.

Kesho asubuhi panga hiyo miadi, kisha uniandikie wamekupa siku gani. Nitataka kujua na presha ilisoma ngapi.

Ni mimi akupendaye,
Rafiki yako