Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Reli ya Ffestiniog

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliazimia kwamba mwaka huu tusome reli moja tu, tena kwa kina, badala ya kudonoa huku na kule. Kamati ilichagua Reli ya Ffestiniog ya kaskazini mwa Wales. Wapo waliouliza kwa nini twende mbali hivyo ilhali Reli ya Kati bado hatujaimaliza. Naamini vikao vyenyewe vimewajibu.

Reli hii ilizaliwa na sleti, jiwe linalopasuliwa mabamba membamba ya kuezekea nyumba. Machimbo yako milimani Blaenau Ffestiniog. Meli zilipakia sleti hiyo katika bandari ya Porthmadog. Sheria ya kuijenga ilipitishwa na Bunge mwaka 1832, ikafunguliwa mwaka 1836. Geji yake, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli, ni milimita 597, kiasi kwamba njia zetu za zamani za mita moja ni pana sana mbele yake.

Kikao kilichojaa kuliko vyote kilihusu namna ilivyoendeshwa. James Spooner aliipima njia ikikumbatia ubavu wa mlima, na handaki la Moelwyn lilipofunguliwa mwaka 1842, mabehewa yenye mzigo yakawa yanateremka yenyewe kutoka mlimani hadi kwenye tuta la Porthmadog, bila injini wala mnyama wa kuvuta. Farasi nao waliteremka ndani ya behewa lao maalumu, wakila nyasi kavu, ili wapate nguvu za kurudisha mabehewa matupu juu. Kupanda kulichukua karibu saa sita. Kushuka hakukufika saa mbili. Washika breki walihama behewa hadi behewa treni ikiwa mwendoni, wakikaza na kulegeza breki kwa mkono. Mimi nawatanguliza watu hawa mbele ya wahandisi wote, maana mzigo na roho za waliokuwamo vilikuwa mikononi mwao.

Injini za mvuke zilifika mwaka 1863, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani kwenye geji nyembamba hivyo. Mwaka 1869 ikaja Little Wonder, injini ya Robert Fairlie yenye vichwa viwili, na majaribio ya mwaka uliofuata yakavuta wageni hadi kutoka Urusi.

Biashara ya sleti ilidorora, na mwaka 1946 treni zikasimama. Hapa pana jambo lililotugusa sote: sheria ya 1832 haikuwa na kifungu cha kuifunga reli, kwa hiyo haikung'olewa. Injini na mabehewa vikaachwa palepale, majani yakaota juu ya mataruma. Mwaka 1954 Alan Pegler alishika usukani wa kampuni, na mwaka 1955 treni za abiria zikaanza kuvuka tuta tena. Wakati huohuo bwawa la umeme lilikuwa linakuja kufunika sehemu ya njia huko Tanygrisiau. Watu wa kujitolea hawakukata tamaa: kuanzia mwaka 1965 walichimba njia mpya, wengi wao kwa sururu na koleo mwishoni mwa wiki, wakaizungusha pale Dduallt hadi ikapita juu yake yenyewe ili ipate kimo. Blaenau Ffestiniog walifika tena mwaka 1982, miaka 150 baada ya ile sheria.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza turudi nyumbani. Tuwatafute wastaafu wa reli zetu: washika breki, wapiga ishara na wafanyakazi wa magenge ya njia, tuwarekodi wakiwa bado wana nguvu za kusimulia. Wengi ni wazee sana, nami naomba jambo hili lisisubiri mkutano mwingine. Tutahitaji kinasa sauti na nauli za wahojaji. Mweka Hazina ataleta makisio yake katika ajenda inayofuata, na ada itajadiliwa hapohapo.

Mwenyekiti