Safari ya Patiko Jumamosi

Habari zenu jamaa, Jumamosi tunaenda Patiko, huku kaskazini mwa Uganda, kuona lile ghala la mawe lililobaki kwenye ngome ya yule mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker ya 1872, na kabla yake hapo palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa watumwa, kwa hiyo naomba sana watoto waje waone wenyewe, milango yake midogo mtu mzima mpaka ainame. Ila wasichore majina kwenye mawe jamani.

1. Tukutane steji ya taksi Gulu saa moja asubuhi, ni kama kilomita 30
2. Elfu 25 kila mtu, mtumie mhazini kwa mobail mani kabla ya Alhamisi jioni
3. Maji na chakula ubebe

Nani anakuja? Andika hapa leo na idadi ya watoto, dereva anangoja jibu.