Sifuri ni namba, tuache kuwaambia watoto "si kitu"

Ndugu Mhariri,

"Sifuri haina thamani." Sentensi hii husemwa madarasani kwa nia njema, lakini makosa mengi ya hesabu katika shule za msingi yanaanzia hapo.

Chukua 612 ÷ 6. Wanafunzi wengi huleta 12. Wanaanza vizuri: 6 kwa 6 ni 1. Wanashusha 1, wanaona 6 haiingii, wanashusha na 2, kisha 12 kwa 6 ni 2. Kosa limo katikati. Pale 6 iliposhindwa kuingia kwenye 1, jibu la hatua hiyo ni 0, nalo lazima liandikwe kwenye nafasi ya makumi kabla ya kushusha 2. Jibu sahihi ni 102. Mtoto aliyeambiwa sifuri si kitu ataiandika kwa sababu gani? Azoeshwe kukadiria kwanza: 600 kwa 6 ni 100, basi 12 haiwezekani.

Kutoa nako ni hivyohivyo. Katika 4005 − 1278, mamoja yanataka kukopa, lakini makumi na mamia yote ni 0. Mkopo unatoka kwenye maelfu: 4 inabaki 3, mamia yanakuwa 9, makumi 9, mamoja 15. Jibu ni 2727. Anayeziruka sifuri hukopa kwenye 4 na kuziacha 0 mbili kama zilivyokuwa, na hapo hesabu yote imeharibika.

Kugawanya kwa sifuri kunahitaji subira zaidi, maana jibu la "haiwezekani, nyamaza" halimsaidii mtu. Kugawanya hukaguliwa kwa kuzidisha: 12 ÷ 3 ni 4 kwa kuwa 4 × 3 ni 12. Sasa 12 ÷ 0 ni ngapi? Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 0 inaleta 12. Haipo. Na 0 ÷ 0 je? Hapo shida ni kinyume: 5 inafaa, 7 inafaa, kila namba inafaa, kwa hiyo hakuna jibu moja la kuchagua. Ni sababu mbili tofauti, zisichanganywe. Wapo wanaosema 12 ÷ 0 haina mwisho, wakionyesha kwamba 12 ÷ 0.1 ni 120, kwa 0.01 ni 1,200, kwa 0.001 ni 12,000. Wajaribu na upande wa hasi: −120, −1,200, −12,000. Kadiri kigawanyo kinavyoisogelea sifuri, majibu ya pande mbili yanazidi kuachana.

Mtoto akikosea hapa asichekwe. Brahmagupta wa Uhindi, aliyeandika kanuni za sifuri mwaka 628 na kupatia kanuni za kujumlisha na kutoa, aliandika kwamba 0 ÷ 0 ni 0. Na Septemba 1997 manowari ya Marekani USS Yorktown ilisimama baharini kwa saa kadhaa baada ya 0 kuingizwa kwenye kompyuta zake na programu kujaribu kugawanya kwayo.

Neno lenyewe lingetusaidia. Sifuri ni Kiarabu *sifr*, yaani tupu. "Ziro" nalo limetoka hukohuko, likazungukia Kilatini na Kiitalia. Na tupu si sawa na kutokuwepo. Hapa ndipo magazeti yetu, hili likiwemo, yanapokosea. Wanafunzi wanne: watatu wamepata 60, 70 na 50, wa nne hakufanya mtihani. Wastani wa waliofanya ni 180 ÷ 3, yaani 60. Ukimwandikia asiyefanya 0, unakuwa 180 ÷ 4, yaani 45. Alama 15 zimepotea bila mtu kufeli. Programu ya Excel inajua tofauti hii: inapotafuta wastani huruka kisanduku kitupu, lakini 0 inaihesabu.

Mvua nayo ni vilevile. Kipimamvua kikisomwa saa 3 asubuhi na kukutwa kikavu, daftari huandikwa 0.0, maana yake mtu alikwenda akaangalia. Nafasi ikiachwa wazi, hakuna aliyeangalia. Anayejaza nafasi hizo kwa 0 anatangaza ukame ambao haukupimwa. Kwa siku tano zenye milimita 12, 0, 8, 0 na 5, wastani ni 5. Ukizifuta sifuri kwa kuwa "si kitu", unapata 8.3, na mkulima anayepanga kupanda kwa takwimu hiyo atapata hasara.

Ombi langu ni dogo. Katika majedwali ya matokeo na ya hali ya hewa, chapeni 0 pale tu palipopimwa na kukutwa sifuri. Pasipopimwa wekeni kistari, na chini ya jedwali mweleze maana ya kistari hicho.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati,
Tanga